Mlipeni Kwanza Aliyecheza

Hotuba kwa wachezaji, wazazi na viongozi wa vilabu vya Mtwara na Lindi, iliyotolewa Mtwara mjini kabla ya msimu kuanza.

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Wana kuchele, hamjambo?

Nianze kwa kuwashukuru wazazi. Huu ni wakati wa kupulizia mikorosho, na mtu anayeacha bomba lake shambani aje kusikiliza habari za mpira ana jambo linalomkera moyoni. Wengi wenu mna vijana wanaocheza. Kuna waliosajiliwa, kuna wanaosubiri simu kutoka Dar es Salaam, na kuna waliokwisha kurudi nyumbani na goti bovu na madai ambayo hakuna anayeyajibu. Nataka tuzungumze habari za madai hayo.

Nimekuwa mhazini wa klabu ya mpira kwa misimu kadhaa. Klabu yenyewe sitaitaja, kwa sababu nitakayoyaeleza yapo katika vilabu vingi. Kazi ya mhazini ni daftari. Anajua nani analipwa kiasi gani, nani anadai miezi mingapi, na kiongozi yupi amezima simu kwa sababu anajua anayepiga ni beki wa kushoto anayeuliza mshahara wake. Shabiki anaiona timu uwanjani kwa dakika 90. Mhazini anaiona mwezi mzima.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kijiweni, hasa dirisha la usajili likiwa wazi, ni hili: ni haki kweli mtu mmoja anayepiga mpira alipwe kwa mwezi fedha ambazo mwalimu wa Tandahimba hazioni kwa mwaka mzima? Wanaouliza wana uchungu wa kweli, na siwabezi. Mwalimu yule ana watoto wengi kuliko madawati. Lakini jibu langu ni ndiyo, ni haki, ikiwa fedha hizo zimeingia kwa sababu yeye amecheza. Watu wamekata tiketi wamwone. Ving'amuzi vimelipiwa ili aonekane. Jezi yenye jina lake inauzwa mpaka Kilwa Masoko. Ukimnyima yeye, fedha ile haihamii kwa mwalimu. Inabaki kwa mwenye timu, au kwa mtu wa kati ambaye hatumjui hata sura.

Waingereza walilijaribu jambo hili kwa miaka 60. Mwaka 1901 waliweka kikomo cha mshahara wa mchezaji, pauni 4 kwa wiki, kikapandishwa kidogo kidogo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 kikawa pauni 20, na miezi isiyo na ligi pauni 17. Katikati ya kipindi hicho, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanja vyao vilifurika kupita kiasi. Msimu wa 1948/49 mahudhurio ya mechi za ligi kwa jumla yalizidi milioni 41, na watu wale walilipa kiingilio. Mchezaji alibaki na kikomo chake, na sijapata kusoma mahali popote kwamba shabiki alipunguziwa tiketi kwa kuwa mchezaji analipwa kidogo. Januari 1961 wachezaji, wakiongozwa na mwenyekiti wa chama chao Jimmy Hill, walitishia kugoma, na kikomo kikaondolewa. Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100 kwa wiki. Miaka miwili baadaye George Eastham akashinda kesi juu ya utaratibu uliokuwa ukimzuia kuondoka Newcastle United hata baada ya mkataba wake kwisha. Mwaka 1995 Mbelgiji Jean-Marc Bosman akashinda katika Mahakama ya Ulaya, na huko Ulaya mchezaji aliyemaliza mkataba akaweza kwenda klabu ya nchi nyingine bila klabu ya zamani kudai ada. Bosman mwenyewe hakuvuna kitu. Soka lake lilififia wakati kesi inaendelea, na utajiri uliotokana na jina lake waliupata waliokuja nyuma.

Nimeyapitia hayo haraka kwa sababu sikuja kuzungumza habari za wenye fedha. Ugomvi wangu hauko kwenye mshahara mkubwa. Uko kwenye mshahara ulioahidiwa, ukaandikwa, ukasainiwa, halafu haukulipwa.

Na hili si letu peke yetu. Mwaka 2016 FIFPRO, shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, lilitoa ripoti iliyowahoji wachezaji wapatao 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 walisema mishahara yao ilicheleweshwa katika misimu miwili iliyotangulia. Asilimia 45 walikuwa wanapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Huyo ndiye mchezaji wa kulipwa hasa. Yule wa kwenye runinga, mwenye gari la rangi ya dhahabu, ni mmoja katika umati, na umati wenyewe unadai.

Sasa niwaambie deni linavyozaliwa kwenye daftari.

Timu ya huku kusini ikienda kucheza na Kagera Sugar kule Kaitaba, Bukoba, inatembea zaidi ya kilomita 1,800 kwenda tu. Kufika Dar es Salaam peke yake ni kilomita zipatazo 560. Fedha zikiingia, ziwe za mdhamini, za mlangoni au za haki za matangazo, zinakuta foleni. Wa kwanza ni mwenye kituo cha mafuta, kwa sababu basi halitembei kwa ahadi. Wa pili ni mwenye hoteli, ambaye hatoi funguo mpaka aone muamala umeingia. Anafuata mama anayepika kambini. Naye akikosa fedha za unga na samaki, hakuna chakula. Kuna faini, kuna ada, kuna nauli za viongozi. Mwisho wa foleni, msimu hadi msimu, yupo mchezaji.

Nilikaa nikajiuliza kwa nini ni yeye siku zote. Nikaona kwamba katika wadai wote wa klabu ni yeye peke yake ambaye hata usipomlipa atakuja kazini Jumamosi. Mwenye mafuta hatakuja. Mwenye hoteli hatakuja. Mchezaji atakuja, kwa sababu asipocheza hataonekana, asipoonekana hatasajiliwa kwingine, na kwa sababu mpira anaupenda. Mapenzi yake kwa kazi ndiyo tunayoyatumia kumkopa. Tunamwambia, "Vumilia mdogo wangu, timu ni yetu sote." Mwezi wa kwanza anavumilia. Mwezi wa pili anakopa kwa wenzake. Mwezi wa tatu mwenye nyumba anatoa godoro la mkewe nje, na jioni hiyohiyo sisi viongozi tunakaa jukwaani tunamzomea kwa kukosa bao la wazi.

Nawaheshimu sana watu wanaoipenda timu ya mkoa. Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona ulikuwa na shangwe ambayo mji huu haujaisahau, na iliposhuka mwaka 2020 watu wazima walilia. Namungo ya Ruangwa ilipanda mwaka 2019, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mwaka 2020, na msimu wa 2020/21 ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa mara yake ya kwanza kushiriki. Yapo mambo ya kujivunia huku kusini. Ila nasema hivi: uzalendo wa timu ni wa wote, na deni la timu nalo ni la wote. Haiwezekani ushindi uwe wetu, halafu njaa iwe ya mchezaji peke yake.

Na njaa hiyo ina mlango wa nyuma. Mwaka 2012 FIFPRO iliwahoji wachezaji zaidi ya 3,000 wa Ulaya Mashariki. Karibu asilimia 12 walisema wamewahi kufuatwa na watu wanaotaka wapange matokeo, na zaidi ya nusu ya waliofuatwa walikuwa watu wasiolipwa mishahara kwa wakati. Wanaonunua mechi hawaendi kwa aliyeshiba. Wanauliza kwanza ni timu gani haijalipwa. Kwa hiyo kiongozi anayesimama kukemea upangaji wa matokeo, na huku ana miezi 4 ya mishahara ya watu mfukoni, aanze na mfuko wake.

Nitawasimulia jambo moja lililonitokea. Ilikuwa dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu. Wachezaji walikuwa wanatudai mishahara, si wote sawa, lakini karibu kila mmoja alikuwa anadai. Zikaingia fedha. Nikaandaa orodha ya malipo, kila jina na kiasi chake. Kikao kikaamua fedha zile ziende kusajili mshambuliaji mpya, kwa hoja kwamba tukishuka daraja hata hao wanaodai hawatapata kitu. Nilikataa kusaini. Nikawaambia mshambuliaji mpya naye atakuwa mdai mpya baada ya miezi miwili. Walimsajili kwa fedha nyingine, na mwisho wa msimu waliokuwa na thamani katika kikosi kile waliondoka wakiwa wachezaji huru, bila klabu kupata hata shilingi. Mshambuliaji yule naye aliondoka akidai.

Kikao kile hakikuwa na watu wabaya. Walikuwa wanapiga hesabu inayopigwa na vilabu vingi: kusajili ni habari ya gazetini, kulipa mshahara si habari. Shabiki hajawahi kuandamana kushangilia kwamba mishahara ya mwezi wa pili imelipwa tarehe 28. Laiti angeandamana.

Sasa nije kwa vijana wenyewe na wazazi wao, na hapa naomba tusikilizane vizuri.

Hakuna aliyemo humu asiyeijua kangomba. Mkulima ana shida mwezi wa sita. Kuna mgonjwa, au binti anatolewa unyago na sherehe inataka fedha, na mnada uko mbali. Anakuja mtu na noti mkononi, anazinunua korosho ambazo hata maua hazijatoa, kwa bei ambayo mwezi wa kumi mkulima akiikumbuka hashiki chakula. Stakabadhi ghalani ilianza huku Mtwara msimu wa 2007/08 ili mzigo upelekwe ghalani na bei ipatikane mnadani mbele ya watu. Kangomba ikapigwa marufuku. Bado ipo, kwa sababu shida ya mwezi wa sita bado ipo.

Kijana wetu wa miaka 18 anasajiliwa hivyohivyo. Mtu anakuja nyumbani, ameshamwona kijana kwenye mashindano ya kata. Anajiita wakala, au meneja, au mjomba wa kiongozi fulani. Ana milioni moja kwenye bahasha. Kijana hajawahi kushika milioni. Mama naye ana shida zake. Karatasi inasainiwa juu ya jamvi: miaka 3, mshahara mdogo, na vipengele ambavyo hakuna aliyevisoma kwa sababu vimeandikwa Kiingereza. Nakala zote zinaondoka na mgeni. Kijana akichanua, klabu inamuuza kwa bei ya mnadani naye anabaki na bei ya bahasha. Akivunjika mguu, mgeni hajulikani alipo.

Wadogo zangu, mkataba usio na nakala mkononi mwako siku ya kudai utakuwa huna. Msisaini siku hiyohiyo mnayoletewa. Anayekutaka leo atakutaka na Jumatatu, na akikataa kukuachia karatasi ukaisome, basi ndani ya karatasi hiyo kuna jambo asilotaka ulione. Ulizeni mshahara unalipwa tarehe ngapi. Ulizeni fedha za usajili zinalipwa kwa mkupuo au kwa awamu, na awamu hizo ni za tarehe zipi. Neno "baadaye" halina tarehe. Ulizeni nani anakutibu ukiumia, na kwa muda gani mshahara unaendelea ukiwa kitandani.

Kanuni za FIFA zinataka mkataba wa mchezaji wa kulipwa uwe wa maandishi. Hautakiwi kuzidi miaka 5, na kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hautakiwi kuzidi miaka 3. Klabu hairuhusiwi kukusainisha kwanza halafu iseme mkataba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya. Wapime kwanza, ndipo msaini. Tangu mwaka 2018 kanuni hizo zinasema pia kwamba klabu ikishindwa kulipa angalau mishahara miwili ya mwezi, mchezaji anaweza kuiandikia barua ya kudai, akaipa siku 15 ilipe yote, na isipolipa ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Sikilizeni vizuri: kuandika. Kugoma kambini kimyakimya, au kukimbilia Masasi bila kuaga, kunamfanya mwenye haki aonekane mtoro. Kabla ya kuandika barua hiyo muone mwanasheria au chama cha wachezaji, SPUTANZA, kwa sababu madai ya mchezaji wa Kitanzania dhidi ya klabu ya Kitanzania husikilizwa kwanza na vyombo vya hapa nchini.

Na hapo kuna jambo linaloniuma. Mchezaji wa kigeni asipolipwa, shauri lake ni la kimataifa. Linakwenda FIFA. Inakuja barua kwamba klabu imefungiwa kusajili mpaka ilipe, na ndani ya wiki chache fedha ambazo hazikuwepo zinaonekana. Kijana wa Nanyumbu aliyekuwa analala naye chumba kimoja, aliyecheza mechi zilezile na kudai miezi ileile, anaambiwa avumilie. Simlaumu mgeni kwa kudai chake. Namtaka wa kwetu apate nguvu ileile. Vyombo vyetu vikiamua klabu imlipe mchezaji wa ndani, basi nayo isisajili mpaka alipwe, na uamuzi utoke wakati kijana bado ana umri wa kucheza. Shauri linaloisha mchezaji akiwa na miaka 34 limemsaidia nini?

Mchezaji mwenye mkataba ni mfanyakazi. Sheria ya Tanzania Bara inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na apeleke michango. Inamtaka achangie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango huo anautoa mwajiri mwenyewe bila kumkata mtu. Viongozi mliopo humu, nendeni mkaangalie ni wachezaji wangapi wa klabu zenu wana namba ya uanachama. Kazi yenyewe huisha mtu akiwa na miaka 30 na kitu, na magoti huisha kabla. Na haya yote yanawahusu dada zetu wanaocheza ligi za wanawake, ambao wengi wanapewa posho ya safari na kuambiwa huo ndio mshahara.

Kwa viongozi wa timu za mitaani, za Chikongola, za Mikindani, za Nachingwea na Liwale, nina habari ya fedha ambazo mnaziacha zinapita. Mchezaji akiuzwa kwenda nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa vilabu vilivyomlea kuanzia msimu wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 una asilimia 0.25 ya ada yote, na kila msimu wa 16 mpaka 23 una asilimia 0.5. Timu ya ridhaa nayo inahusika. Chukueni mfano: kijana amecheza kwenu misimu miwili, ya miaka 16 na 17, halafu siku moja klabu ya nje inamnunua kwa dola milioni moja. Haki yenu ni dola 10,000. Hizo ni mipira, jezi, na mishahara ya kocha wa watoto kwa muda mrefu.

Watanzania wa kuuzwa huko wapo. Mbwana Samatta alipitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe, akaenda Genk, na Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Lakini fedha za malezi hufuata usajili. Kijana aliyecheza kwenu misimu mitatu bila jina lake kuingizwa kwenye mfumo wa usajili, kwa karatasi za FIFA hakuwahi kuwa wenu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 malipo haya yanapitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, kinachosoma kumbukumbu za usajili ili kumjua nani alipwe. Kituo hicho hakiwezi kumsoma mtoto ambaye hamkumwandika. Katibu wa timu anayejaza fomu kwa umakini anaweza kuingiza fedha nyingi kuliko mfungaji wenu bora.

Nimalizie na wakubwa wanaogawa fedha za ligi.

Mwezi Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa haki za matangazo wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Ni fedha ambazo soka letu halikuwahi kuziona. Msimu wa 2018/19, Ligi Kuu ikiwa na timu 20, ilichezwa bila mdhamini mkuu, na tuliokuwa na madaftari tunaukumbuka msimu ule. Kwa hiyo nashukuru. Lakini ligi ina timu 16, na timu inayotoka Mtwara au Ruangwa inasafiri kuliko timu ya Dar es Salaam yenye wapinzani kadhaa mlangoni pake. Mgao wa fedha unapaswa kuliona hilo.

Uingereza, katika mgao wa fedha za matangazo ya ndani, nusu inagawiwa sawasawa kwa vilabu vyote 20, robo inafuata nafasi kwenye msimamo, na robo inafuata idadi ya mechi zilizooneshwa. Ndiyo maana hata anayeburuta mkia hupata zaidi ya nusu ya anachopata bingwa. Hispania ilikuwa tofauti: kila klabu ilijiuzia haki zake, Real Madrid na Barcelona wakabeba mafungu makubwa na wengine wakaokota, mpaka mwaka 2015 serikali ilipotoa amri haki hizo ziuzwe kwa pamoja. Bingwa ana haki ya kupata zaidi. Lakini bingwa hawezi kucheza peke yake, na mechi 30 za msimu wetu zinahitaji mpinzani aliyekula na kulala.

Ombi langu kwa wasimamizi wa ligi ni moja, na nimeshalisema kila nilipopata nafasi. Sehemu ya mgao wa kila klabu itengwe kwa ajili ya mishahara, na isitoke mpaka klabu ilete uthibitisho wa benki kwamba mishahara ya mwezi uliopita imeingia kwenye akaunti za wachezaji. Uthibitisho uwe wa benki, kwa sababu karatasi ya kusaini nimeshaona inavyosainishwa: mtu anasaini kupokea laki tano na mkononi anapewa laki mbili. Hatua hiyo haigusi mshahara wa mtu. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nao sasa wanataka gharama za kikosi zisizidi asilimia 70 ya mapato ya klabu, na hawakusema fulani asilipwe zaidi ya kiasi fulani. Walisema usiahidi fedha ambayo huna.

Na ninyi viongozi wenzangu wa vilabu vya kusini, hamhitaji kusubiri kanuni. Mkikaa kupanga bajeti ya msimu huu, andikeni mishahara kwenye mstari wa kwanza, kwa fedha zilizopo benki na mikataba ya udhamini iliyokwisha kusainiwa. Ahadi ya mfadhili iliyotolewa kwenye mkutano wa hadhara msiiandike. Kama fedha zinatosha wachezaji 22, msisajili 28. Kama zinatosha Sh300,000 kwa mwezi, mwambieni kijana Sh300,000 na mumlipe kila mwezi, badala ya kumwandikia Sh800,000 atakazolipwa mara tatu kwa msimu. Nimewasikiliza wachezaji wengi, na hawajanilalamikia udogo wa mshahara kama wanavyonilalamikia kutojua utaingia lini. Msikitini na kanisani tumefundishwa wote kwamba ujira wa mtu haulazwi. Wachezeshe wakiwa wamelipwa, kisha uwadai jasho.

Nimemaliza yaliyonileta. Mwanasheria niliyekuja naye amekaa meza ile karibu na mlango, na atakuwepo mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwenye mkataba wake aulete tuusome pamoja, kipengele kwa kipengele, kwa Kiswahili. Mzazi aliyeachiwa karatasi nyumbani asisaini kabla hatujaiona. Na kijana ambaye amesaini na hana nakala aje hivyohivyo alivyo. Tutaandika naye barua ya kuiomba leo hii, aipeleke klabuni kesho asubuhi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Asanteni sana.